Urithi wa Maharao wa Kutch: pa kukaa, pa kupita na pa kuangalia unapokanyaga

Anayefika Bhuj, mji mkuu wa Kutch huko India, na siku moja tu mkononi huishia Prag Mahal. Hupiga picha mnara wa saa, hununua shali, kisha huondoka akiamini ameiona Kutch. Prag Mahal ndilo jumba kubwa, ndilo linaloonekana toka mbali, na ndilo lenye machache zaidi ya kusema kuhusu dola iliyolijenga. Jumba dogo la vioo lililojibana ubavuni mwake, kiwanda cha majahazi cha Mandvi na kuta tupu za Lakhpat vinasema mengi kuliko hilo, ila mgeni huvipa dakika zinazobaki. Tathmini hii inapanga vituo hivyo kwa thamani yake, si kwa ukubwa wa mabango.

Kwa ufupi: Kutch iko magharibi kabisa mwa India, inapakana na Sindh iliyoko Pakistan, na ilitawaliwa na ukoo wa Jadeja, ambao wafalme wake waliitwa Rao au Maharao, makao makuu yakiwa Bhuj tangu 1549. Enzi za Waingereza mtawala wake alipigiwa mizinga 17 ya heshima, alikuwa na forodha yake na sarafu yake mwenyewe, kori. Dola ilijiunga na India mwaka 1947, utawala ukakabidhiwa serikali ya Delhi mwaka uliofuata, na leo ni wilaya ya jimbo la Gujarat yenye kilomita za mraba zaidi ya 45,000. Ukubwa huo ndio unaowaponza wengi: kwenye ramani vituo vinaonekana majirani, barabarani ni nusu siku.

Mambo mawili yanarudi kila unapogeuka, bahari na matetemeko. Kampuni ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ndiyo iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miongo mingi ya karne ya 19. Tharia Topan, aliyezaliwa Lakhpat mwaka 1823, ndiye aliyeanzisha ujenzi wa ile hospitali yenye roshani za mbao zilizochongwa mkabala na bandari ya Zanzibar, jengo ambalo kila anayeshuka boti hulipita. Kwa hiyo msomaji wa pwani hatakuwa mgeni sana huko. Ama ardhi, ilitikisika vibaya mwaka 1819, ikatikisika tena 1956, na asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la kipimo cha 7.7 likaua karibu watu 20,000 na kuubomoa mji wa kale wa Bhuj. Karibu kila jengo utakaloliona limekarabatiwa, linasubiri kukarabatiwa, au limeachwa lilivyo.

Anza na Aina Mahal, lile jumba dogo la vioo. Rao Lakhpatji alilijenga katikati ya karne ya 18, na fundi wake alikuwa Ramsingh Malam, baharia ambaye kwa masimulizi ya huko chombo chake kilizama pwani ya Afrika, akaokolewa na meli ya Waholanzi na kupelekwa Uholanzi. Huko alijifunza kazi za vioo, vigae, saa na urembo wa rangi kwenye metali. Aliporudi alimkuta mtawala mwenye pesa na mwenye hamu, na matokeo yake ni jumba ambalo kwa nje ni la Kihindi, ndani lina kuta za marumaru nyeupe zilizofunikwa vioo vyenye fremu za dhahabu, sakafu ya vigae vya bluu na nyeupe vya mtindo wa Delft wa Kiholanzi, saa na taa za fuwele. Usitarajie kazi ya Ulaya halisi. Vigae vingi havifanani sawasawa, bluu yake imekolea hapa na kufifia pale. Hilo ndilo la kutazama, kwa sababu linaonyesha mkono uliojifunza mbali na kuja kufanya kazi kwa udongo na tanuri za nyumbani.

Chumba cha kukaa zaidi ni Fuvara Mahal. Katikati kuna jukwaa la mraba alipokuwa akiketi Rao, na kulizunguka kuna bwawa lenye chemchemi. Maji yalipandishwa kwa pampu, mishumaa ikawashwa pembezoni, na mwanga ukavunjika juu ya maji, vigae na vioo kwa pamoja. Lakhpatji alikuwa mtunzi wa mashairi na mpenzi wa muziki; chumba hiki kilikuwa cha kazi hiyo, si cha baraza la sheria. Leo bwawa ni kavu na taa ni za umeme hafifu, kwa hiyo mgeni asiyejua mpango wa maji anaona shimo la marumaru tu na kusonga mbele. Simama kwenye ukingo, uinamishe kichwa hadi kimo cha mtu aliyeketi, kisha utazame kuta. Vioo vimewekwa kwa kimo hicho, si cha mtu aliyesimama.

Hira Mahal, chumba cha kulala, kina kitanda chenye miguu ya dhahabu na vitu vingine vilivyopangwa kwa msongamano kama vile ghala. Kuna pia mchoro mrefu wa karatasi, mita 15 hivi, unaoonyesha msafara wa mtawala: ndovu, farasi, wapiga ngoma, wabeba bendera. Watu huupita haraka kwa kuwa umewekwa ukutani kama pambo. Ni kosa, maana ndio orodha bora kabisa ya vyeo na mavazi ya dola ile iliyobaki. Uanze mwisho wa msafara uende mbele, utaona jinsi mavazi yanavyopanda daraja.

Kasoro za Aina Mahal ni za wazi. Ghorofa ya juu iliharibiwa mwaka 2001. Maelezo kwenye vitu ni mafupi, mengine yamefifia. Vioo vya kale vilipakwa bati na zebaki kwa nyuma, na unyevu unapoingia huota madoa meusi yasiyofutika. Kuna kuta ambapo vilivyopona ni vichache. Kamera hulipiwa kando na tiketi, na flashi haifai hata kama hakuna anayekukataza, kwani itakurudishia mwanga wako mwenyewe. Kwa kawaida pamefungwa Alhamisi, na mchana milango hufungwa kwa saa kadhaa. Fika asubuhi mapema, saa tatu hivi, kabla ya makundi ya wanafunzi. Vyumba ni vyembamba na watu ishirini wanatosha kukuzuia kuona chochote.

Prag Mahal liko ua huohuo. Rao Pragmalji II aliliagiza mwaka 1865 kwa mchoro wa Kanali Henry Saint Clair Wilkins, likakamilika 1879 chini ya mwanawe Khengarji III. Ni mtindo wa Gothic wa Italia, marumaru ya Italia na mawe ya mchanga ya Rajasthan. Ukumbi mkuu wa baraza una dari ya juu, taa kubwa za fuwele zenye vipande vilivyopukutika, sanamu za Kizungu na wanyama waliokaushwa ambao nondo wamekwisha kula sehemu yao. Watu hupenda uchakavu huo kwenye picha. Kwa macho makavu, ni ukumbi uliotelekezwa muda mrefu mno, na matengenezo yaliyofanyika yamegusa zaidi muundo kuliko vilivyomo.

Kinachookoa ziara ni mawe ya nje. Wachongaji wa Kutch walipewa vichwa vya nguzo wavipambe, na pale wasipobanwa na mchoro wa Mwingereza walichonga majani na wanyama wao. Zunguka barazani chini ya matao, tazama nguzo moja moja. Hakuna mbili zinazofanana kabisa. Mnara wa saa una mita 45 hivi na ngazi zake ni nyembamba, zina mavi ya njiwa na zinateleza. Viatu vya kamba, si kandambili. Juu utauona mji wote, ziwa la Hamirsar na kilima cha Bhujiya, na hapo ndipo utaelewa mji wa kale ulivyokaa ndani ya kuta zake. Mwenye magoti mabovu akae chini bila majuto.

Ukitoka hapo, tembea au chukua bajaji hadi Makumbusho ya Kutch, kando ya Hamirsar. Yalianzishwa 1877, ndiyo ya kale kuliko yote katika Gujarat, na yanapuuzwa kwa sababu jengo lina sura ya shule. Ndani kuna mawe ya maandishi kutoka kijiji cha Andhau ya mwaka 130 baada ya Kristo, ndovu mweupe wa mbao mwenye mikonga mingi, na mkusanyiko mzuri wa kori. Jumatano hufungwa. Hatua chache kutoka hapo kuna Ramkund, kisima cha ngazi cha mraba chenye michongo ya Ramayana, utenzi mkuu wa Kihindu. Dakika kumi zinatosha.

Kuhusu kori, neno kwa wanunuzi, maana wauza vitu vya kale watakufuata. Sarafu ya kori 5 ya fedha ina uzito wa gramu 13.87 na usafi wa asilimia 93.7, ile ya kori 1 ni gramu 4.7 na fedha yake ni kidogo zaidi, asilimia 60 hivi. Beba mizani ndogo ya mfukoni. Bandia nyingi zimemiminwa kwenye ukungu, si kugongwa muhuri, kwa hiyo utaona vitundu vidogo kama vya sindano usoni na herufi zenye kingo za mviringo. Upande mmoja hubeba jina la mtawala wa Kutch, wa pili la mfalme wa Uingereza, na za mwaka 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla hata ya kutawazwa. Hizo ndizo zinazotafutwa, na kwa hiyo ndizo zinazoghushiwa. Jambo la sheria: India hairuhusu kutoa nchini kitu chenye umri wa miaka 100 au zaidi bila kibali. Sarafu ya Khengarji III ya mwanzoni mwa karne ya 20 tayari imevuka mpaka huo, hata muuzaji aseme nini.

Chhatardi, makaburi ya ukumbusho ya watawala, yako nje kidogo ya kitovu cha mji. Kubwa zaidi lilikuwa la Lakhpatji, jiwe jekundu, limechongwa maungo yote. Tetemeko liliangusha mengi na leo baadhi yamesimamishwa tena, mengine ni marundo ya nguzo na vipande vya dari. Hakuna kivuli wala maelezo. Nenda asubuhi jua likiwa chini, michongo iwe na kivuli. Saa sita mchana jiwe linakuwa bapa na huoni kitu.

Kuna pia Smritivan kwenye kilima cha Bhujiya, kumbukumbu ya tetemeko iliyofunguliwa 2022. Si urithi wa Maharao, lakini bila hiyo huwezi kuusoma urithi wenyewe. Maonyesho yake yamepangwa kwa ustadi ambao majumba ya kifalme hayajaukaribia: maelezo yanasomeka, mwanga umefikiriwa, na kuna chumba kinachotikiswa ili mgeni aonje mwendo wa ardhi. Mwenye matatizo ya moyo au mjamzito asiingie humo. Juu ya kilima kuna ngome ya kale. Kupanda ni kwa jioni, si kwa mchana wa Aprili. Ukiitembelea kabla ya Aina Mahal, nyufa utakazoziona huko zitakuwa na maana.

Mandvi ni kilomita 60 hivi kusini, na mabasi ya serikali yanakwenda mara nyingi kwa siku. Mji ulianzishwa 1580 na Rao Khengarji I kwenye mlango wa mto Rukmavati, na utajiri wa dola ulipitia hapo. Wageni wengi hupitiliza hadi jumba la Vijay Vilas. Shuka darajani kwanza.

Kandokando ya mto majahazi ya mbao bado yanaundwa, na hiki ndicho kituo bora kuliko vyote katika orodha hii. Hakuna tiketi, hakuna uzio, hakuna maelezo. Kazi huanzia kwenye mkuku, boriti moja nene kupita kiuno cha mtu, kisha mataruma hupanda pande zote mbili, na mbao hupigiliwa kwa misumari mirefu ya chuma ambayo tundu lake hutobolewa kwanza ili ubao usipasuke. Mafundi wakuu hawabebi michoro. Vipimo viko kichwani na kwenye vijiti vya mbao vilivyotiwa alama. Chombo kikubwa huchukua miaka miwili au zaidi. Ukikaribia utawaona wanaotia kalafati: pamba husokotwa nyuzi, hushindiliwa kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mbao, pigo baada ya pigo, kisha mwanya hufunikwa. Maji yakiingia, ubao hufura na kuibana pamba. Ndiyo maana chombo kilichokaa nchi kavu muda mrefu huvuja siku za mwanzo kikirudi majini, na ndiyo maana fundi hushindilia kwa kiasi: pamba ikizidi, ubao ukifura utasukuma misumari nje.

Anayejua mashua na majahazi ya kwetu atatambua mengi, na kotia, majahazi ya Kihindi yaliyokuwa yakifika Mombasa na Zanzibar, zilitoka pwani hizi. Vyombo vya sasa vina injini na shetri pana, vinabeba mizigo hadi Ghuba na Somalia. Majira ya mvua za kusi, Juni hadi Agosti, bahari hufungwa na mto hujaa vyombo vilivyotia nanga. Baada ya mwezi mpevu wa Agosti, watu wakishatoa nazi baharini, safari huanza tena. Kwa mpiga picha huo ndio msimu. Vaa viatu vya soli ngumu, misumari imezagaa mchangani. Omba ruhusa kabla ya kupanda jukwaa, na usisimame chini ya ubao unaopandishwa kwa kamba.

Vijay Vilas lenyewe, kilomita 8 hivi magharibi mwa mji, lilijengwa 1920 hadi 1929 kwa ajili ya mrithi wa kiti, Vijayarajji, liwe makazi ya kiangazi kando ya bahari. Ni jiwe la mchanga jekundu, mtindo wa Rajput ulioigwa kutoka majumba ya Orchha na Datia katikati mwa India, limetunzwa kuliko jumba lolote la Bhuj kwa kuwa familia bado inaishi sehemu ya juu. Vyumba vya chini ni picha za uwindaji na samani. Fanya hivi: pita vyumba kwa haraka, kaa kwenye madirisha ya jiwe lililotobolewa, uone upepo wa bahari unavyoingia bila jua, kisha panda darini kwenye kuba. Jioni huja umati wa waliotoka ufukweni. Kabla ya kurudi Bhuj kula dabeli, mkate wenye viazi vya viungo, karanga na komamanga. Mandvi wanasema ni yao na hakuna anayewapinga kwa nguvu.

Lakhpat ni jambo jingine. Kilomita 135 hivi kutoka Bhuj, saa mbili na nusu hadi tatu, na mwisho wake ni ukuta. Jamadar, yaani kamanda, Fateh Muhammad aliujenga mwaka 1801, kilomita 7 kuzunguka bandari iliyokuwa na mto, mashamba ya mpunga na, kwa masimulizi, mapato ya kori 100,000 kwa siku. Watawala wa Sindh walikuwa wameanza kuzuia maji ya mkono wa mashariki wa mto Indus tangu karne ya 18. Tetemeko la tarehe 16 Juni 1819 likamaliza kazi: ardhi iliinuka kwa urefu wa kilomita 80 au zaidi, kwenda juu hadi mita 6 mahali, ikawa tuta ambalo watu waliliita Allah Bund, tuta la Mungu. Maji hayakupita tena. Wafanyabiashara wakahamia Mandvi, Bombay na Afrika Mashariki, na kina Tharia Topan walikulia katika mji uliokuwa tayari unakauka.

Ndani ya ukuta kuna familia chache, gurdwara, yaani hekalu la Kalasinga, inayohusishwa na safari za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, ambayo ukarabati wake ulitunukiwa na UNESCO mwaka 2004, na kaburi la Ghaus Muhammad, walii wa huko, la jiwe jeusi la pembe nane, lenye michongo myembamba kuliko yoyote ya Bhuj. Nenda kwenye kaburi kwanza, mchana, maana ndani ni giza na unahitaji jua la mlangoni. Kisha panda ukuta upande wa kaskazini. Sehemu nyingi mawe ya juu yamelegea. Tembea katikati ya njia, usikanyage ukingo, na usikae kwenye meno ya ukuta hata kama picha inakuvutia. Askari wa mpakani hulinda eneo hilo, hivyo beba pasi na uulize kabla ya kuelekeza kamera kaskazini. Duka la maana hakuna. Chakula cha gurdwara hutolewa bure kwa yeyote, ukifunika kichwa na kuvua viatu. Mafuta na maji ya kunywa vipate Dayapar, mji wa mwisho wenye uhakika.

Basi la Lakhpat lipo lakini ratiba yake haikuachii muda wa kuzunguka. Kodi gari Bhuj na mpatane kwa kilomita, si kwa siku, na myaandike haya kabla ya kuondoka: kilomita za kurudi, saa za kusubiri, chakula cha dereva, na kama kupitia Koteshwar, ambako hekalu limesimama ukingoni mwa bahari, kunahesabiwa nyongeza. Ugomvi mwingi hutokea hapo. Ukitaka kuona jua likizama ukutani, dereva atarudi usiku kwenye barabara yenye ng'ombe na ngamia, kwa hiyo wengine hukataa au huongeza bei, mwambie mapema.

Msimu ni Novemba hadi Februari. Mei joto hupita nyuzi 40 na mawe ya Chhatardi hayashikiki. Desemba hoteli za Bhuj hujaa kwa ajili ya tamasha la jangwa la chumvi la Dhordo, na bei hupanda. Treni ya usiku kutoka Mumbai hukufikisha asubuhi. Ipange ziara hivi: Ijumaa Smritivan na Aina Mahal, Jumamosi Mandvi kutwa, Jumapili Lakhpat, Jumatatu asubuhi makumbusho, na Prag Mahal uliingize popote pale panapobaki saa moja. Ukifika Jumatano, utakuta makumbusho yamefungwa siku hiyo na Aina Mahal siku inayofuata.